Mwanetu Asome Sayansi Wapi?



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumza nanyi juu ya jambo linalobisha hodi katika nyumba ya mapadre kila mwaka, tangu matokeo ya kidato cha sita yanapotoka mwezi wa saba hadi vyuo vinapokaribia kufunguliwa. Wazazi huja na watoto wao, wameshika karatasi zilizochapwa steshenari, nao hutuuliza: "Baba, huyu mtoto aende chuo gani?" Wapo waliosoma historia na lugha, na hao twawapenda. Lakini wanaotusumbua usingizi ni wale waliosoma Fizikia, Kemia na Hisabati, kwa kuwa njia zao ni nyingi, na makosa ya njia hizo ni ghali. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwajibu upesi kuliko ilivyotupasa. Leo tunapenda kueleza kwa nini tumeacha kujibu upesi.

Mwaka jana, Jumamosi moja jioni, walikuja watu watatu kutoka kigango kimoja cha huku kwetu Newala: baba, mama na binti yao. Binti alikuwa amefaulu kwa daraja la pili, C ya Fizikia, C ya Kemia na D ya Hisabati. Alikuwa amedahiliwa mahali pawili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimpa nafasi ya kusoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi. Chuo Kikuu Kikatoliki cha Mwenge, kule Moshi, kilimpa nafasi ya ualimu wa sayansi, Fizikia na Hisabati. Kama mjuavyo, aliyedahiliwa katika vyuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha kimoja, na muda wa kuthibitisha ukipita nafasi hupotea. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Baba mtu alikuwa amekwisha kuamua. Alituambia kwa adabu, lakini kwa uthabiti: "Baba Paroko, Moshi ni chuo cha Kanisa. Shangazi yake yuko huko. Na mwalimu wa fizikia hakosi kazi. Haya mambo ya mawe, nani atamwajiri mtoto wa kike kugonga mawe?" Mama alikuwa kimya. Binti naye alikuwa kimya, anatazama chini. Ilikuwa dhahiri kwamba wamekuja ili sisi tutie muhuri tu. Na kusema kweli, ulimi wetu ulikuwa tayari. Padre gani atakataa chuo cha Kanisa?

Lakini tulijizuia, kwa sababu tulimkumbuka kijana mmoja.

Ni miaka mingi sasa imepita. Kijana huyo alitoka upande wa Masasi, chini ya yale majabali makubwa yanayouzunguka mji. Aliipenda sayansi tangu utoto. Redio iliyokufa ikiingia mikononi mwake ilikuwa inafufuka. Alipomaliza kidato cha sita alitujia kuomba ushauri, nasi tukamwelekeza kwenye chuo ambacho hatutakitaja. Tulikuwa tumeona tangazo lake zuri, lenye picha ya jengo jipya na wanafunzi waliovaa makoti meupe. Hatukuuliza neno zaidi. Jumuiya yake ilimchangia, wazazi wakauza korosho na mbuzi, akaenda. Mwaka wa pili alituandikia barua. Alisema maabara ipo, lakini imefungwa. Vifaa vipo, lakini bado vimo ndani ya maboksi. Mwalimu wa fizikia huja kutoka mbali mara moja kwa majuma mawili, anasoma maandishi yake, nao wanayanakili. Majaribio waliyafanya kwa chaki ubaoni. Baadaye kozi yenyewe ilisitishwa, naye akarudi nyumbani akiwa na madeni na bila cheti.

Hakutulaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Alifungua kibanda Masasi mjini, akaanza kutengeneza simu na pampu za maji, na hadi leo ndiyo kazi yake. Kila tukipita pale anatusalimia kwa furaha, nasi kila mara twajiambia moyoni: huyu tulimpeleka sisi.

Basi jioni ile, mbele ya wazazi wale, tuliona haya kufanya tena kosa lile lile. Tukawaambia: "Rudini kesho baada ya Misa ya pili. Leo hatujui la kuwaambia." Baba mtu alishangaa. Hajazoea kumsikia padre akisema hajui.

Usiku ule tulikaa na kujiuliza: mtu anayetaka kusoma sayansi za maumbile, yaani fizikia, kemia, jiolojia na wenzake, anatafuta nini hasa chuoni? Na hapo tukakumbuka habari ya Mtanzania mmoja ambayo yafaa kila mzazi aifahamu.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, kule Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aisikrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ndani ya friji ilikuwa inakwisha, naye akaweka maziwa yake yangali moto. Baadaye akakuta yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa baridi. Alipomuuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipoendelea na masomo ya juu Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na darasa zima likamcheka. Kosa lolote la hesabu likaitwa la Mpemba.

Ndipo Denis Osborne, profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipokuja Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na kuuliza swali lake lile lile. Wenzake wakacheka na kuona aibu kwa niaba yake. Profesa naye hakuwa na jibu. Lakini aliporudi Dar es Salaam alimwambia fundi wake wa maabara alijaribu jambo lile. Fundi akaja na habari kwamba kweli, maji yaliyoanza yakiwa moto yameganda kwanza, ila akaahidi kurudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala juu ya jambo hilo, na tangu hapo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba. Mpaka leo wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya sababu yake, na wengine hata juu ya kutokea kwake. Lakini wanabishana kwa vipimo, si kwa kicheko.

Tazameni, wapendwa. Mwalimu wa kwanza na profesa wote wawili hawakuwa na jibu. Tofauti yao ilikuwa moja tu: mmoja alilifunga swali, mwingine alilipeleka maabara. Hapo ndipo tulipoona kile ambacho hatukukiuliza kwa ajili ya yule kijana wa Masasi. Chuo cha sayansi si jina lililoandikwa langoni, wala si picha ya makoti meupe. Ni mahali ambapo swali la mwanafunzi hupata meza, chombo cha kupimia na mtu wa kusimama naye. Palipo na vitu hivyo vitatu, hata kama majengo ni makuukuu, pana chuo. Pasipo na vitu hivyo, hata kama pamepakwa rangi jana, hapana.

Kesho yake wale watatu walirudi. Safari hii tulikuwa na mgeni. Tulikuwa tumempigia simu yule fundi wa Masasi tangu alfajiri, naye akapanda huku juu kwa pikipiki yake. Tulimweleza habari, tukamwambia: "Wewe uliyapata machungu kwa ushauri wetu. Tusaidie tusimwangushe huyu." Alicheka kidogo, akavuta kiti.

Mazungumzo yetu ya siku ile yalikwenda kwa mafungu manne, nasi tunawapeni kama yalivyokuwa, maana yatawafaa na wengine.

Kwanza, ni sayansi ipi, na kwa swali gani? Wazazi wengi husema "mtoto wangu anasoma sayansi" kana kwamba ni njia moja. Zipo angalau tatu. Ipo ya sayansi yenyewe: fizikia, kemia, jiolojia, elimu ya hali ya hewa. Ipo ya ualimu wa sayansi. Ipo ya uhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilianza mwaka 1961 kwa kufundisha sheria na kuongeza kitivo cha sayansi mwaka 1965, kina njia hizo zote. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, nacho kinafundisha sayansi na ualimu wake. Vyuo vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa, vilivyoanza mwaka 2005, vimejengwa kwa ajili ya walimu. Na huyo Mkwawa ni pale pale Mpemba aliposimama na kuuliza swali lake. Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya kimeelemea uhandisi na ufundi. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambayo vijana wengi huitaja kwa sababu ya jina lake, ilianzishwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu, hivyo aliyetoka kidato cha sita aiweke akibani.

Hapo yule fundi alimgeukia binti. "Dada," alimwuliza, "ukiambiwa uulize swali moja tu duniani, na ujibiwe, ungeuliza nini?"

Binti alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ndogo: "Mvua inanyesha huku juu. Maji tunayafuata kule chini. Yanapita wapi? Na yanachukua muda gani kufika?"

Msomaji asiye wa huku pengine halielewi swali hilo. Sisi wa uwanda wa Makonde twalielewa mifupani. Udongo wetu ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, hata iwe kubwa namna gani, inazama. Juu hakuna mto. Maji yanatokeza chini, kwenye miguu ya uwanda, kama zile chemchemi za Ndanda ambako Wabenediktini walijenga misheni yao mwaka 1906. Mama na bibi zetu walikuwa wakiteremka ukingo mzima alfajiri na kupanda na ndoo kichwani. Tangu miaka ya 1950 pamekuwa na mradi wa kusukuma maji kwa mitambo kutoka bondeni, na visima vya Mitema vimewatumikia watu wa huku kwa muda mrefu, lakini mtambo ukiharibika sote twajua kinachofuata.

Yule fundi alichukua kipande cha karatasi, akamwonyesha baba mtu hesabu. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Tuseme inapandishwa mita 300. Zidisha kilo 20 kwa mita 300, kisha kwa 9.8, ambayo ni nguvu ya mvuto wa dunia kwa kila kilo. Ni juli 58,800, kwa ndoo peke yake, bila kuhesabu mwili wa aliyeibeba. "Hiyo ndiyo fizikia," alisema. "Mama huyu ameifanya kwa shingo. Binti yake anataka kuifanya kwa akili." Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu jana, alitikisa kichwa.

Pili, maabara. Kati ya mwaka 2012 na 2015 sote tulichangishwa kujenga maabara za fizikia, kemia na biolojia katika shule za sekondari za kata. Majengo yalisimama mengi, na ni jambo la kushukuru. Lakini tulijifunza pia kwamba chumba chenye sinki si maabara mpaka kiwe na vifaa, kemikali na mtu anayejua kuvitumia. Vivyo hivyo kwa chuo kikuu. Yule fundi alitoa ushauri ambao hatukuwahi kuufikiria, pamoja na vyeti vyetu vyote. Alisema: "Usiwaulize ofisini kama wana maabara, watasema wanayo. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwombe akuonyeshe daftari lake la majaribio. Kama amepima mwenyewe, utaona kalamu imefutwa, namba zimerudiwa, pengine kuna doa la kemikali. Kama ni safi mno, amenakili." Kisha akaongeza taratibu: "Langu lilikuwa safi sana."

Tulinyamaza sote.

Kwa jiolojia tuliongeza swali jingine: wanafunzi wanatoka nje? Elimu ya miamba haisomwi darasani pekee. Hupaswa kushika nyundo na dira, kulala kambini na kuchora ramani ya ardhi kwa miguu. Na nchi yetu ya kusini si maskini wa mambo ya kuchora. Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kati ya mwaka 1909 na 1913, na mmoja wao amesimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Wakati wote huo wapimaji wengi walitoka mbali. Tulimwambia baba mtu: yule anayegonga mawe ndiye anayejua nini kiko chini ya shamba lako la mikorosho.

Tatu, mwalimu. Tuulize nani anafundisha, na je, yeye mwenyewe anatafiti kitu, au anarudia tu alichofundishwa? Baba mtu alikuwa na wasiwasi mwingine chini ya huu, nao ulijitokeza hapa: kwamba binti akienda chuo kisicho cha Kanisa, sayansi itamwondolea imani. Tulimsimulia habari za Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji. Alianza kusoma uhandisi, vita ya kwanza ya dunia ikamkatiza, akarudi akahamia hisabati na fizikia. Alipewa upadre mwaka 1923, na mwaka huo huo akaenda Cambridge, Uingereza, kusoma chini ya Arthur Eddington, mnajimu mkubwa wa siku zile, ambaye alikuwa wa dhehebu la Wakwekeri. Mwaka 1927 padre huyo aliandika kwamba ulimwengu unapanuka. Hakuuliza kwanza kama chuo ni cha Kanisa; aliuliza mwalimu yuko wapi, na upadre wake akaenda nao.

Hapa tunaomba tueleweke vizuri. Hatusemi Mwenge ni chaguo baya. Chuo kile kinatoa walimu wa sayansi, na shule zetu za kata zinawalilia walimu wa fizikia. Binti angalikuwa amesema, "Baba, nataka kusimama mbele ya darasa Newala na kuwafundisha wadogo zangu," tungalimwambia thibitisha Moshi kabla jua halijazama. Tunachosema ni kwamba neno Katoliki lililo katika jina la chuo halitoshi kuwa sababu, na sisi mapadre tusilitumie kuwafungia watoto milango ambayo Mungu pengine ameifungua.

Nne, gharama na uhalali. Chuo na kozi vyote viwili viwe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kila mwaka Tume hutoa mwongozo wenye orodha ya kozi na sifa zinazotakiwa. Usomwe kabla ya kuomba, si baada ya kukosa. Tukumbuke kwamba kiwango cha chini cha jumla, yaani alama mbili kuu zenye pointi nne, ni mlango wa nje tu; kila kozi ina masharti yake ndani. Kuhusu fedha, tusihesabu ada peke yake. Tuhesabu nauli ya kwenda na kurudi, pango la chumba kama hosteli itajaa, chakula, na mafunzo kwa vitendo. Maombi ya mkopo katika Bodi ya Mikopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, mdhamini na subira. Mwenye jina tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na kile cha shule aanze kulitatua sasa. Wahitimu waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika masomo ya sayansi wana ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23. Binti yetu hakufikia huko, hivyo tegemeo lake lilikuwa mkopo.

Na hapa ndipo penye mwiba wa watu wa kusini. Chuo hufunguliwa karibu na mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wakati minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza na fedha za mkulima bado ziko njiani. Watoto wetu hufika chuoni wakiwa na ahadi badala ya fedha. Baba mtu alilisema hili kwa uchungu, nasi hatukuwa na jibu la kitabuni. Tuliwaita viongozi wa jumuiya yao na akina mama wa WAWATA siku ile ile. Walikubaliana kuikopesha familia fedha za nauli na za kuanzia, zirudishwe korosho zikilipwa. Haikuwa sadaka; iliandikwa daftarini.

Kuna onyo moja tusilisahau. Vijana wengi huomba vyuo kwa mkono wa mhudumu wa steshenari. Yeye ana foleni ndefu. Hujaza kozi zilizo juu ya orodha, na wakati mwingine huthibitisha bila kumuuliza mwenye jina. Mzazi, kaa kando ya mwanao siku hiyo. Mtoto ashike mwenyewe namba yake ya siri, na asome kwa sauti jina la kozi kabla ya kubonyeza.

Jioni ya Jumapili ile baba mtu alikaa muda mrefu bila kusema. Mwishowe alimuuliza mkewe, si sisi: "Mama fulani, wewe unasemaje?" Mama akajibu: "Mimi sijui jiolojia. Lakini nimeyafuata yale maji tangu nikiwa msichana, na sijawahi kusikia mtu akiuliza yanapita wapi. Kama kuna mahali wanafundisha hilo, aende." Baba alicheka, akasema basi, amekubali, ila binti asikae Dar es Salaam bila kutafuta jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki. Binti alikubali mara moja. Alithibitisha jiolojia pale pale barazani, kwa simu ya yule fundi, maana ya kwetu ilikuwa imeisha chaji.

Sasa yuko Mlimani. Fizikia ya mwaka wa kwanza ilimtoa jasho na somo moja alilirudia. Tunalisema hili ili mtu asidhani kwamba kuchagua vizuri ni kumaliza kazi. Likizo iliyopita alikuja kutusalimia, akaleta daftari lake la majaribio. Tulilifungua kwa hofu kidogo. Lilikuwa limechafuka vya kutosha. Tulimwomba tumwonyeshe yule fundi, akasema ameshapita kwake Masasi kwanza.

Wapendwa, fundi huyo hakupata chuo alichostahili, na sehemu ya lawama ni yetu. Mwaka huu tumemwomba awe mshauri wa vijana wa parokia katika mambo ya sayansi, naye amekubali. Kwa hiyo Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili, tunawaalika katika ukumbi wa parokia vijana wote waliomaliza kidato cha sita pamoja na wazazi wao, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Waje na vyeti vyao vya kuzaliwa, matokeo yao, na kila mmoja aje na swali moja ambalo angependa kujibiwa. Tutaanzia hapo, ndipo tutakapofungua orodha ya vyuo.

Tunawatakieni juma jema lenye baraka.